Ofisi imefungwa, mita bado inahesabu

Wiki ina saa 168. Ofisi ya serikali inafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, ukipiga hesabu hio ni saa 45 na lanchi iko ndani. Zinabaki saa 123 ambazo jengo liko tupu, milango imefungwa, ni askari tu wako geti. Swali langu kwa kila mtu anayehusika na bili ya stima ya umma ni moja, mita yenu ilikuwa inahesabu nini hizo saa 123?

Mimi ni fundi wa stima hapa Kisumu, kazi yangu nyingi ni mentenansi, na nimeshaingia majengo ya umma ya kila aina, ofisi, zahanati, mashule, maktaba, hapa mjini na kuenda Ahero, Maseno, Luanda, hata Nakuru mara moja moja. Karibu kila mahali nikiitwa kwa sababu ya bili mazungumzo yanaanza na sola. Bosi anataka sola, basa anataka sola, kila mtu ameona paneli mahali na anataka zake. Mimi sola naipenda sana, huku kwetu jua tunalo karibu mwaka mzima na nimefunga nyingi tu, lakini paneli inatoa stima mchana. Usiku wa manane haitoi kitu, na vile vitu vinavyokula stima usiku wa manane bado vinakula. Kwa hivyo ukiweka sola juu ya jengo linalovuja utanunua paneli nyingi kuliko zile ulihitaji na betri kubwa kuliko ile ulihitaji, ndio upate kulisha vitu ambavyo havikufaa kuwa vimewashwa. Ziba kwanza, halafu ndio upande paa.

Na kujua kama jengo linavuja si lazima mtu atoke Nairobi na laptop. Ijumaa jioni ofisi ikifungwa piga mita picha na simu. Jumatatu saa moja asubuhi, kabla mtu yeyote hajawasha kitu, piga tena. Katikati hapo kuna saa 62. Toa namba ya Ijumaa kwa ile ya Jumatatu, gawanya na 62, hizo ndizo kilowati zilizokuwa zinaenda wikendi nzima bila mtu ndani. Kama jengo ni kubwa na mita ni ya CT, ile inayopima sehemu ndogo tu ya stima inayopita, uliza kwanza kama namba inazidishwa, kuna mita husomeka kidogo lakini kila namba moja ni unit nyingi. Unit moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Sasa tuseme umepata unit 186, hio ni kilowati 3 mfululizo. Kilowati 3 kwa zile saa 123 ni unit 369 kila wiki, na ukizidisha na bei usiweke tu bei ya unit peke yake, kuna gharama ya mafuta, kuna nyongeza ya bei ya dola ikipanda, kuna levi ya stima ya vijijini asilimia 5, kuna VAT asilimia 16. Soma bili yenu mpaka chini kabisa. Watu wengi kwa hizi ofisi hawajawahi kuiona, inafika kwa meza ya mhasibu, inalipwa ama hailipwi, imeisha.

Nitawaeleza jengo moja la ghorofa tatu, jina niliache. Nilienda Jumamosi makusudi ndio nikute hakuna mtu. Unafungua bodi, unashika waya mmoja mmoja na klampu mita, unaandika. Laini ya soketi za ghorofa ya pili ilikuwa inavuta stima vizuri kabisa na hakuna binadamu huko juu, kwa hivyo tukapanda na mzee keateka na rundo lake la funguo tukaanza chumba kwa chumba. Dispensa za maji, karibu kila ofisi ina yake, na zote ile swichi ya nyuma ya maji moto imewashwa, maana yake wikendi nzima zinachemsha maji, yanapoa, zinachemsha tena, na hakuna mtu wa kuyanywa. Friji ndogo raba ya mlango imekatika, mota yake haipumziki. Kompyuta zimeachwa skrini ikiwa nyeusi watu wakidhani zimezima, ukigusa mausi zote zinaamka. Mashine ya kopi iko moto. Kila kimoja kati ya hivi ukikiangalia peke yake ni kidogo, hata utaona aibu kukisema kwa mkutano, lakini viko vingi na haviendi likizo.

Kubwa kuliko hivyo vyote ilikuwa pampu. Jengo likiwa kimya unasikia vitu ambavyo siku ya kazi huwezi kusikia, na tukiwa pale kwa ngazi nikasikia pampu ya presha huko chini inashika, inanguruma kidogo, inaachilia. Baada ya dakika chache inashika tena. Na hakuna mtu anayetumia maji. Tukafuata sauti mpaka choo cha ghorofa ya kwanza, tenki la choo lilikuwa linateremsha maji pole pole kwa bakuli, ile raba ya chini ilikuwa imeisha, maji yanaenda hivyo usiku na mchana. Presha ikishuka pampu inawaka, ikiwaka inapunguza tenki la chini, tenki likipungua pampu ya kisima nayo inaitwa, na hio ya kisima ndio kubwa kabisa. Raba yenyewe ni pesa kidogo sana pale soko la Kibuye.

Nikamuuliza mzee, hii imekuwa hivi tangu lini?

"Fundi, hii niliripoti kitambo. Wakaniambia hayo ni mambo ya maji, ningoje watu wa maji."

Hapo ndipo shida yote iko. Pesa za maji zina kifungu chao, pesa za stima zina kifungu chao, matengenezo yana kifungu kingine ambacho kikiisha mwezi wa pili wa mwaka wa fedha kimeisha. Mwenye kuona choo kinavuja haoni bili ya stima. Mwenye kuona bili hajui hata choo kiko wapi. Na kununua raba ya choo inataka karatasi, sahihi, fundi aliyesajiliwa, kwa hivyo raba haingojewi wiki, inangojewa kwota nzima, yaani miezi mitatu, na muda huo wote pampu inashika na kuachilia. Nyumbani kwako ungeinunua siku hio hio jioni kwa sababu tokeni unanunua wewe.

Taa za nje ni hadithi hio hio. Nyingi zina fotoseli, kale kadude kanakoona giza likiingia kanawasha na asubuhi kanazima. Huku karibu na ziwa wale wadudu wa ziwa wakija msimu wao wanajaa kwa taa, wanakufa hapo hapo, pamoja na vumbi na utando wa buibui kadude kanafunikwa hakaoni jua tena, kwake ni usiku siku nzima. Niliuliza askari wa geti mahali fulani, mzee, hizi taa huzimwa saa ngapi? Akanijibu hizo hujizimanga zenyewe lakini siku hizi zimekataa. Taa nne za wati 400 zikiwaka saa 12 za mchana ni unit 19.2 kwa siku, kwa mwezi unit 576, na dawa yake ni ngazi na kitambaa. Kama fotoseli yenyewe imekufa inabadilishwa, nayo si bei ya kutisha.

Lakini mchana nako kuna mambo, sana sana hapa Kisumu. Tuko kama mita 1,130 juu ya bahari, joto la saa tisa mchana mnalijua. Sasa ingia ofisi nyingi uone AC imewekwa 16 na madirisha ni yale ya luva, vile vioo vya kupangana, ambavyo kwa kawaida havifungi vikaziba, vingine vimevunjika vimewekwa katoni. Hio AC inajaribu kupoza barabara. Haiwezi kufika 16 hata ikae mwaka, kwa hivyo haizimi kamwe. Kama lazima AC iwekwe basi chumba kizibwe, iwekwe 24, filta ioshwe, na ikifika wakati wa kununua mpya angalieni ile lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya serikali ya kawi, nyota nyingi ndio stima kidogo. Mara nyingi lakini ukiniuliza mimi nitakuambia jaribu feni ya dari kwanza. Feni inakula wati 70 hivi, AC ya ofisi ndogo inaweza kula elfu moja na zaidi.

Na hata kabla ya feni kuna jengo lenyewe. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua linatoka mashariki linapita juu ya kichwa linaingia magharibi, kwa hivyo ukuta unaochomwa sana ni ule wa mashariki asubuhi na ule wa magharibi jioni. Jengo refu likilazwa mashariki kwa magharibi, kuta zake ndefu zinaangalia kaskazini na kusini, unakuwa umepunguza joto bila kutumia hata senti ya stima. Alasiri upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, ukiuachia njia ya kuingia na njia ya kutoka upande wa pili unapoza vyumba vyote. Wale waliojenga maduka ya zamani pale katikati ya mji walilijua hili, angalia veranda zao, angalia kuta nene na dari za juu, ingia moja saa nane mchana ujisikie. Halafu angalia majengo tunayojenga sasa, kioo mbele yote kuangalia magharibi, hakuna kivuli, halafu watu wa ndani wakichomeka wanafunga mapazia, kukiwa giza wanawasha taa, taa zikiongeza joto wanawasha AC. Saa sita mchana, Kisumu, jua kali, na taa zote za ofisi zinawaka kwa sababu mapazia yamefungwa! Hii inaniuma kwa sababu hakuna fundi anaweza kuirekebisha baadaye, ilishachorwa hivyo.

Zahanati za mabati bila dari nazo, huko mama anakaa na mtoto mwenye homa chini ya mabati yanayochoma. Dari ya mbao au ya jipsamu, nafasi ya hewa kupita juu ya dari, rangi nyeupe juu ya mabati, miti miwili upande wa magharibi, hayo ni mambo ya fundi wa kawaida na yanashusha joto chumba kikakalika.

Nakuru ni tofauti kabisa na inafaa ichukuliwe tofauti. Kule ni kama mita 1,850, usiku ni baridi, Julai watu wanavaa koti ofisini. Jengo la umma Nakuru likihitaji AC kila chumba kuna mtu alikosea kwa mchoro, vyumba vya seva na dawa ndivyo tu vina sababu. Kule pesa inaenda kwa maji moto na hita, na maji moto ndio kazi ambayo jua linafanya vizuri kuliko kazi zote, paneli ya maji ya sola kwa bweni au wadi inarudisha pesa yake mapema kuliko ile ya stima.

Kuna mambo mawili ya kiufundi nayasema haraka. Tyubu za zamani za futi nne ni wati 36, lakini na ile choki yake ya chuma, kifaa cha kuiwasha na kuishikilia, unalipa kama 45. Ya LED ni 18. Jengo lenye tyubu 200 zinazowaka saa 10 kwa siku, siku 22 za kazi, ukibadilisha zote unaokoa karibu unit 1,190 kwa mwezi. Ukibadilisha fundi aitoe ile choki kabisa kama aina ya tyubu inaruhusu, nyingine zinaachwa kwa laini zikiendelea kula kidogo kidogo. Lingine ni pawa fakta, kipimo cha stima unayovuta ni kiasi gani inafanya kazi kweli. Majengo makubwa yako kwa tarifa ya kibiashara, na pawa fakta ikishuka chini ya 0.9 unatozwa juu. Kuna majengo yana kapasita za kurekebisha hio, ziliungua kitambo, hakuna aliyezibadilisha, na ile faini iko kwa bili kila mwezi na jina lake limeandikwa hapo waziwazi.

Sasa kuna mtu ataniambia, lakini stima ya Kenya ni safi, karibu asilimia 90 ni mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, Olkaria iko hapo tu Nakuru kaunti, tunabania nini? Ni kweli ni safi, na mimi najivunia. Lakini angalia sisi wa magharibi tunakaa wapi. Tuko mwisho wa laini. Mitambo yetu ya maji, Sondu Miriu ni megawati 60, Sang'oro 21, na hizo zinategemea mto, mvua ikikosa zinashuka. Kinachobaki kinatoka mbali, na jioni watu wote wakifika nyumbani wakiwasha, laini zinajaa, voltage inashuka, sehemu nyingine zinazimwa, na ndio maana pale Muhoroni kuna mtambo wa kuchoma mafuta. Mahitaji ya nchi nzima jioni yalipita megawati 2,300 mwaka 2025. Kwa hivyo ofisi tupu ikiwaka saa mbili usiku haipotezi ile stima rahisi ya mchana, inagombania stima na mama anayepika Nyalenda na kinyozi wa Kondele, saa ile ile ambayo haitoshi.

Kwa hospitali sisemi muende mkazime. Friji ya chanjo inakaa digrii 2 mpaka 8 usiku na mchana, theatre ni theatre, oksijeni haichezewi. Lakini pia huko ndiko kubana kuna faida kubwa zaidi, kwa sababu stima ikipotea jenereta inabeba kila kitu kilichoachwa kwa laini yake, na kama mmeunganisha korido zote na dispensa na AC za ofisi za utawala kwa laini ya jenereta, dizeli inaisha mapema. Tenganisheni laini ya lazima na laini ya kawaida. Hio ni kazi ya siku chache na inaweza kuokoa mtu.

Shule za bweni stima si tatizo lao kubwa, tatizo lao ni kuni. Lori baada ya lori. Jiko la taasisi lenye chumba cha moto kilichofungwa na bomba la moshi linapunguza kuni sana ukilinganisha na mafiga wazi, na maharagwe na mahindi yakilowekwa usiku kucha yanaiva upesi. Wapishi wanajua, wanachokosa ni sufuria za kulowekea na mtu wa kuwasikiliza.

Sheria nayo ipo, si kwamba hatuna. Kanuni za usimamizi wa kawi za mwaka 2012 zilisema jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya unit 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi, lazima kifanyiwe ukaguzi wa kawi kila miaka 3, na angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa utekelezwe. Hospitali kubwa, chuo, makao makuu ya kaunti, nyingi ziko juu ya hapo. Nimeshika ripoti kama hizo mkononi, nzuri, zina picha na hesabu zote, ziko kwa kabati. Mkaguzi alilipwa, kazi ikaishia hapo, kwa sababu ripoti inapendekeza kununua vitu na bajeti ilishapita.

Ndio maana mimi kitu naomba zaidi si vifaa, ni mtu. Kila jengo liwe na mtu mmoja mwenye jina ambaye bili inapita kwake, anasoma mita Ijumaa na Jumatatu, na ana pesa kidogo ya mkononi ya kununua raba ya choo, fotoseli, swichi, bila kungoja kwota. Awe keateka, awe fundi wa ndani, awe karani anayependa hesabu, haijalishi. Yule mzee keateka wa lile jengo la pampu alijua kila kasoro ya lile jengo, ghorofa kwa ghorofa, hakuna siku aliulizwa. Na bili ya mwezi ibandikwe kwa ubao wa matangazo pale mlangoni, hii ni pesa ya watu, watu waone mwezi huu ni unit ngapi na mwezi uliopita zilikuwa ngapi.

Na sisi raia tuna mlango wetu. Kaunti zinapeleka makadirio ya bajeti bungeni kwao kabla ya tarehe 30 Aprili, na kunakuwa na vikao vya umma kwa wadi. Tukienda tunauliza barabara, maji, basari, ni sawa. Mwaka ujao mmoja wenu asimame aulize hivi, bili ya stima ya ofisi za kaunti ilikuwa ngapi, ukaguzi wa kawi ulifanywa lini, na yale yaliyopendekezwa yamewekewa pesa gani kwa bajeti hii. Wakisema hakuna ripoti, omba iandikwe kwa kumbukumbu za kikao. Mimi nitakuwa kwa kile cha wadi yetu, na nitabeba picha za mita.